Njaa ya Mume Wangu

Mume wangu alipotoka hospitalini baada ya kupasuliwa tumbo, nilimpikia kuku. Nilimchemsha polepole kwenye jiko la makaa mpaka nyama ikaanza kuachana na mfupa, kisha nikasonga ugali wa wimbi na muhogo jinsi mama yake alivyonifundisha nilipopelekwa kwao mara ya kwanza. Mimi ni mtu wa Murang'a. Kwetu tulikula githeri ya mahindi na maharagwe, na irio ya viazi vya kuponda, na ugali tuliupika siku ambayo hakuna kingine. Yeye alikuwa wa upande wa magharibi, ambako mtu hajala mpaka ale ugali. Kwa hiyo nilijifunza, na nikajifunza vizuri. Dada zake walipokuja kututembelea mtaani kwetu Shauri Moyo, walionja wakanyamaza, nami nikajua kwamba nimewaweza.

Siku hiyo alimega matonge mawili matatu, akatafuna kwa muda mrefu kama mtu anayetafuna dawa, akasukuma sahani pembeni. Akasema ahsante. Watoto walimtazama, wakanitazama mimi, halafu mkubwa akauliza kama wanaweza kugawana paja la baba.

Ili uelewe kilichonipata, lazima ujue jinsi alivyokuwa akila zamani. Alikuwa fundi seremala pale soko la Gikomba, akitengeneza vitanda na kabati, na kwa kuwa Gikomba ni karibu na kwetu, alikuja kula nyumbani kila adhuhuri. Wenzake walikula vibandani. Yeye hapana. Ungemsikia tangu kwenye bomba la maji akiuliza nimepika nini, na wanawake waliokuwa wakifua pale walimtania kwamba siku moja atakula na sufuria. Aliketi na vumbi la mbao kwenye nywele, akala bila kusema neno, na mimi nilikaa mbele yake nikimtazama. Sikuwa nikila naye. Nilikuwa nashiba kwa kumwona.

Nami nilikuwa na wivu tangu mwanzo, sikuanza kwa sababu ya tumbo lake. Alipoalikwa arusi nilimlisha kwanza nyumbani, ili chakula cha watu wengine kimkute hana nafasi. Jirani mmoja aliwahi kumpa chapati mlangoni na nikakaa wiki nzima sizungumzi naye vizuri. Jirani, si mume. Mume sikumlaumu. Nilijua kwamba mwanamume hufuata njaa yake, na njaa yake niliishika mimi.

Tumbo lilikuwa limemsumbua miaka mingi. Lilimuunguza usiku, akanywa maziwa, akatafuna vidonge vyeupe vya dukani, likatulia, likarudi. Halafu siku moja alitapika damu juu ya ubao aliokuwa akiupiga randa, na vijana wa karakana wakamkimbiza hospitali kwa mkokoteni hadi barabarani, kisha kwa gari la mtu aliyewahurumia. Alipasuliwa siku iyo hiyo. Nilipofika alikuwa amelala na mpira puani. Siku daktari alipomweleza walichomfanya, mimi nilikuwa nyumbani na watoto, kwa hiyo habari nilizipata kutoka kwake mwenyewe, na mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema wamekata mshipa fulani, wakapanua mlango wa chini wa tumbo, na ameambiwa ale kidogo kidogo.

Nilielewa kwamba ale kidogo kidogo mpaka kidonda kipone. Kidonda kilipona. Akarudi kazini. Lakini sahani aliendelea kuisukuma.

Kisha akaacha kuja nyumbani adhuhuri. Alisema kazi imemlimbikia kwa sababu ya siku alizolala hospitalini. Nilikubali. Nikamfungia chakula kwenye bakuli la kifuniko aende nacho, na jioni bakuli likarudi limeoshwa. Nani ameliosha? Fundi seremala gani huosha bakuli? Nililinusa, nikalipangusa, nikaliweka, na kuanzia hapo sikulala vizuri.

Jioni nilimpa chai. Nilimtengenezea chai ya maziwa matupu na sukari nyingi kwa sababu nilitaka arudishe mwili. Akishamaliza kikombe, baada ya muda mfupi, uso wake ulilowa jasho. Mikono ilitetemeka. Moyo ulimwenda mbio, mpaka ungeuona ukipiga shingoni. Aliinuka akaenda kujilaza. Nilisimama mlangoni pa chumba nikimwangalia mgongo, nikajiambia, huyu ana jambo. Mtu hatokwi na jasho mbele ya mke wake bure. Nilifikiri ni dhamiri.

Jirani yangu wa mlango wa pili ndiye aliyenimalizia. Alikuwa akinunua nguo za mitumba na kuziuza mitaani, kwa hiyo Gikomba aliijua yote. Tulikuwa tumeinama kwenye karai, kila mmoja na nguo zake, akaniambia kwamba amemwona baba watoto akinywa uji kwa mama mmoja mjane, nyuma ya wauza makoti. Akasema si mara moja. Akasema yule mama ni wa kwao, wanazungumza kilugha chao na kucheka. Kisha akaongeza kwamba labda ni uji tu. Nilikamua shuka mpaka vidole vikaniuma.

Kesho yake adhuhuri niliwaacha watoto wadogo kwa jirani huyo na kwenda. Nilipita katikati ya misumeno na harufu ya gundi na mbao mbichi, nikajibana palipofunguliwa marobota ya nguo. Vijana wa mikokoteni walikuwa wakipiga miluzi ili wapishwe. Nilisimama nyuma ya makoti ya baridi yaliyotundikwa kwenye kamba, makoti mazito ya nchi za mbali, nikachungulia.

Alikuwa pale. Ameketi kwenye benchi fupi, ameegemea ukuta wa mabati, ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili. Yule mwanamke alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani, wala hakuwa mzuri, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu uzuri ningejua cha kuufanya. Alikuwa akihudumia watu wengine. Alimpa mume wangu mgongo. Mara moja alisema kitu bila kugeuka, naye akacheka kicheko ambacho kwangu kilikuwa kimekwisha tangu hospitalini. Kisha akamaliza uji. Akaingiza kidole kwenye kikombe, akazungusha, akakilamba.

Chakula changu alikuwa hakigusi, na hapa analamba kidole.

Sikutokeza. Nilisubiri aondoke, nikaenda nikakaa pale pale kwenye benchi, nikaagiza. Mama uji alinikaribisha kama mteja yeyote na kuniuliza kama nataka kikombe kizima au nusu. Nikasema nusu. Ulikuwa uji wa wimbi uliochachushwa, mzito, bila sukari hata chembe. Niliunywa wote nikitafuta siri yake. Haukuwa na siri. Ulikuwa uji wa kawaida, na mimi ningeupika mzuri kuuliko. Niliondoka nikiwa na wivu mbaya kuliko niliokuja nao, kwa sababu kushindwa na kitu kitamu si aibu, lakini kushindwa na uji?

Jioni nilipika samaki. Nilimpakulia sahani iliyojaa, nikaketi mbele yake kama kawaida yangu. Alipofikia tonge la tatu akaiweka mikono magotini. Watoto walikuwa nje wakicheza. Nikamuuliza ameshiba wapi.

"Sijashiba," akasema. "Sina njaa tu."

"Kuna tofauti?"

Akaweka kiganja tumboni.

"Ipo. Zamani tumbo lilikuwa likiniita. Saa sita ikikaribia lilikuwa linaniambia twende nyumbani. Sasa limenyamaza, mama watoto. Haliniambii lolote. Naangalia jua, naona wenzangu wanakula, ndipo najua kwamba na mimi natakiwa kula."

"Na uji? Uji unakuita?"

Hakuuliza nimejuaje. Alisema uji hauumi. Ukiingia unatulia, anarudi kazini, mikono haitetemeki. Chakula changu nilichomfungia alikuwa akiwapa vijana wa karakana, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiosha bakuli kwa adabu. Halafu akasema neno lililobaki nami.

"Pale hakuna anayenitazama mdomo. Wewe kila tonge unalitazama likipita. Nikiacha, uso wako unaanguka. Naogopa kukaa na sahani yako."

Nilinyanyua ile sahani, nikaipeleka jikoni. Ningependa kusema nilimhurumia. Nilichosikia ni kwamba yuko mwanamke mwingine ambaye mume wangu hamwogopi.

Usiku niliwaza ule mshipa. Sikuwahi kuufikiria kuwa kitu, nilidhani ni kama uzi unaokatwa kwenye pindo la nguo. Sasa niliona kwamba kile kilichokuwa kikimtoa Gikomba na kumleta mlangoni kwangu miaka yote hakikuwa mimi wala mapishi yangu. Kilikuwa uzi wenyewe. Na mtu aliyevaa glavu alikuwa ameukata bila kuniuliza. Nikawa na wivu hata na yule daktari, kwa kuwa alikuwa amegusa ndani ya mume wangu mahali ambapo mimi nilidhani ni pangu.

Siku yake ya kurudi kliniki ilipofika nilisema tunakwenda wote. Hakupinga. Tulikaa kwenye benchi la korido mpaka tukaitwa, na daktari alikuwa kijana mpole, mwenye miwani, aliyezungumza Kiswahili cha pwani. Alimpima mume wangu, akauliza anakulaje. Mume wangu akasema anakula vizuri. Nikamkatiza, nikasema hapana, hali. Nikasimulia yote, sahani, jasho, mikono, kulala. Uji pia nikausema, ila mwanamke nikamwacha.

Daktari aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba ule ni mshipa wa fahamu, unatoka kwenye ubongo hadi tumboni, na waliukata kwa kuwa ndio uliokuwa ukiliamuru tumbo kutoa asidi iliyomla. Lakini mshipa huo haupeleki amri tu. Habari zinazopanda juu ni nyingi kuliko amri zinazoshuka. Tumbo linapotanuka hupeleka habari. Chakula kikifika kwenye utumbo, ule utumbo hukionja kwa namna yake, ukajua hiki ni mafuta, hiki ni sukari, hiki ni nyama, ukatuma habari, nyingine kwa mshipa, nyingine kwa damu. Ubongo ukizikusanya ndipo mtu husema nina njaa, au nimeshiba, au hiki nakipenda. Kwa mume wangu njia moja ya habari ilikuwa imekatwa, na ubongo ulikuwa bado haujazoea kusikiliza zile zilizobaki.

"Na jasho?" nikauliza.

"Unamwekea sukari nyingi kwenye chai?"

Nikasema ndiyo, nyingi.

Akasema hiyo ndiyo sababu. Mlango wa tumbo ulipanuliwa, kwa hiyo chai tamu haikai tumboni, inateremka kwa kishindo kwenye utumbo, na mwili unashtuka. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, mtu anataka kulala. Mume wangu alinitazama kwa upande. Mimi nilitazama sakafu. Ile dhamiri niliyoilinda mlangoni jioni baada ya jioni ilikuwa sukari yangu mwenyewe.

Nilikuwa na swali moja lililobaki, nikaliuliza kwa kuzunguka. Nilitaka kujua kwa nini mtu akatae chakula kizuri na kupenda uji mtupu. Daktari alisema kwamba chakula kikitulia tumboni, ubongo hukikumbuka, na siku nyingine mdomo hukitafuta. Kikimsumbua, hata kingekuwa kitamu vipi, ubongo hukikumbuka hicho nacho, na mtu hukikataa kabla hajakionja. Si hiari yake. Hata kile chumba alimokila, na yule aliyekipika, vinaweza kuingia humo humo.

"Anaweza kufundishwa upya?" nikauliza.

"Anaweza, mama. Tumbo humfundisha polepole. Mpe kidogo, mara nyingi, maji asinywe pamoja na chakula. Na usimharakishe."

Tulirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Tulipofika karibu na nyumbani, mume wangu alisema, "Ulidhani nini, uliponiona natoka jasho?" Nikamwambia nilidhani ni malaria.

Nilianza upya, na sikuanza kwa upole. Nilianza kama mtu anayekwenda kurudisha kitu chake. Nilichachusha unga wa wimbi kwenye chungu, nikapika uji usio na sukari, nikampa asubuhi kabla hajatoka. Nilinunua visahani vya watoto, vile vidogo vya bati, nikampakulia humo, viazi vilivyopondwa, yai, samaki asiye na mafuta mengi, na kwa kuwa visahani vilikuwa vidogo aliweza kuvimaliza. Chai nikaiacha bila sukari. Jambo lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa macho. Nilijilazimisha kumpa mgongo, nikichambua maharagwe, nikichana nywele za mtoto, nikisikiliza kijiko. Yule mwanamke alijua tangu mwanzo kumpa mgongo, na mimi ilinibidi kujifunza kwake bila yeye kujua, na hilo liliniuma kila siku niliyolifanya.

Mwili ulianza kurudi. Mashavu yalijaa. Lakini adhuhuri aliendelea kwenda kwenye lile benchi, na mimi sikumkataza. Nilijiambia, subiri. Siku moja njaa itamrudia, na itamrudia hapa, mezani kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeifanyia kazi. Niliingoja kama watu wanavyongoja mtoto kusema neno la kwanza, kila mzazi akiomba liwe jina lake.

Ikarudi. Msimu wa mvua ndefu ulikuwa umepita. Alikuja nyumbani adhuhuri, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu apasuliwe, na sauti yake niliisikia tangu kwenye bomba. Aliingia amekunjua uso kama kijana.

"Leo nimesikia njaa," akasema. "Njaa yenyewe. Imenguruma."

Nikamuuliza ilikuwa wapi.

"Pale kwenye benchi. Mama uji alikuwa hajaniwekea bado, nikasikia tumbo linaongea. Hata yeye amelisikia, akacheka."

Alikuwa na furaha hata hakuona uso wangu. Nilimpakulia githeri, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo, akala sahani ya mtu mzima, na mimi nilikuwa nimegeukia dirisha, na safari hii sikumgeuzia mgongo kwa ajili yake. Furaha ilikuwepo, siwezi kuikana. Lakini mwanamke mwingine alikuwa amesikia ile sauti kabla yangu, na hakuna namna ya kurudisha wa kwanza awe wa pili.

Mwaka uliofuata yule mjane alipata kiwanja Dandora, kule ambako watu walipewa choo na bomba wakajijengea wenyewe. Mume wangu alisema atakwenda kumpigia paa na kumfungia milango. Nikasema nitakwenda pia. Alijua kwa nini.

Tulimkuta ameketi juu ya mbao zake na kile kitambaa cha kijani kichwani. Mume wangu na vijana wa karakana walipopanda juu, tulibaki wawili chini tukiwapikia kwenye mafiga. Alinitazama akasema kwamba ananikumbuka, mimi ndiye niliyekunywa nusu kikombe na kuondoka bila kuaga. Nikaona haya. Aliendelea kupuliza moto.

"Nilijua wewe ni nani," akasema. "Mteja haangalii uji vile."

Kisha akanisimulia, bila kunung'unika, kwamba mume wake alikufa kwa tumbo hilo hilo, wala hakufika hospitali. Siku zake za mwisho uji huo ndio pekee uliokuwa ukikaa tumboni. Mume wangu alipokuja kwenye benchi mara ya kwanza, amekonda, ameshika ubavu, hakumuuliza anataka nini. Alimpa tu. Alisema alikuwa akimwona akinywa na kusimama na kwenda zake kazini, na alikuwa na wivu na mwanamke aliyekuwa akimrudisha mtu huyo kwake kila jioni akiwa hai. Alisema neno hilo hilo, wivu, akiwa anachekecha unga, kama mtu anayetaja chumvi. Halafu akanipa mwiko nisonge ugali, kwa sababu mikono yake ilikuwa imechoka.

Nilisonga. Sikumpenda siku hiyo, na sijui kama niliwahi kumpenda baadaye, ingawa alipouguliwa na binti yake nilikwenda kumwona na nikakaa siku nyingi. Watu hudhani ukimwelewa mtu wivu hukwisha. Wangu ulibaki, ila ulikaa chini, ukawa kitu ninachoweza kuishi nacho.

Tuliondoka Dandora jua likiwa bado juu. Barabarani palikuwa na mwanamke anachoma mahindi, na mume wangu akanunua moja. Alianza kulila tukitembea, kwa meno yote, harakaharaka, punje zikimwangukia shati. Nilitembea kando yake nikingoja avunje anipe nusu, kama mume yeyote afanyavyo. Hakuvunja. Alikuwa na njaa mno hata hakukumbuka kwamba niko. Alipogeuka kunitazama, lilikuwa limebaki gunzi tu, akasimama katikati ya njia, ameona haya, amelishika mkononi.

Nikamwambia asijali. Na sikuwa nasema tu. Sikumbuki siku nyingine ambayo nilifurahi hivyo kunyimwa.